Ufa Mdogo wa Mtungi, Mlango wa Maradhi

Mtungi wa maji ukipasuka, wengi wetu husema umezeeka. Mara nyingi sivyo. Hata mtungi wa miezi michache waweza kupasuka bila kuanguka. Ni vyema, msomaji, ujue sababu, kwani ufa huo waweza kuleta maradhi nyumbani.

Huko Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna mashoka ya mawe ya watu wa kale, mengine ya kioo cha volkano. Waliyaunda kwa kugonga jiwe, nalo likabanduka papo hapo. Plastiki ya mtungi haipasuki hivyo. Imeundwa kwa nyuzi ndogo mno zilizosokotana, nazo huachana polepole mambo mawili yanapokutana: mkazo na kemikali.

Mkazo hutokana na kukaza kifuniko kupita kiasi, kufunga mtungi uliojaa kwa mipira nyuma ya pikipiki, au kupanga mitungi mmoja juu ya mwingine. Kemikali ya kawaida ni sabuni ya unga. Sabuni haiyeyushi mtungi, lakini pale palipokunjwa au kuvutwa hupenya kati ya nyuzi na kuzitelezesha. Jua kali nalo huidhoofisha plastiki.

Chupa ya soda ni plastiki ya aina nyingine. Adui yake ni vitu kama kostiki soda. Ufa wake aghalabu huanzia kitakoni, kuzunguka nukta ya katikati, hasa gesi inaposukuma kutoka ndani. Maji yenye joto la digrii 70 na zaidi huilegeza.

Je, hatari ni ipi? Viini hujificha ndani ya ufa na kufanya utando usiofikiwa na brashi. Maji uliyochemsha yaweza kuchafuka tena humo. Kenya ilipopatwa na mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022, maji machafu yalikuwa miongoni mwa njia za kuueneza. Aidha, mafuta ya taa au dawa ya kuogeshea ng'ombe ikitiwa katika chupa ya soda yaweza kuvuja juu ya chakula, au mtoto akadhani ni kinywaji. Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, mkimbize hospitali.

Ili kujikinga, fanya hivi:

1. Osha mtungi kwa sabuni kidogo, kisha suuza vizuri. Usilaze maji ya sabuni ndani yake.

2. Kaza kifuniko kiasi cha kutovuja tu, na uweke mtungi wima kivulini.

3. Usitie maji ya moto katika chupa ya soda. Yaache yapoe kwanza.

4. Kila wiki, ujaze mtungi na uulaze juu ya gazeti kavu usiku kucha. Asubuhi tazama kama pana unyevu. Kagua pia shingo, mkono na kitako. Mistari myeupe ni dalili ya nyufa.

5. Mtungi uliozibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa utumie kumwagilia bustani, si kuwekea maji ya kunywa. Mahali palipozibwa hubaki na mkazo, na huenda pakapasuka tena.

6. Sumu na mafuta ya taa viache katika vyombo vyake maalumu, mbali na watoto.

Mtungi mpya una gharama, lakini kuugua kuna gharama zaidi.