SOMO LA KIKUNDI: BANGI IHALALISHWE AMA ISIHALALISHWE?

Lengo la somo: Kusaidia wanakikundi kuelewa mjadala wa bangi bila kelele, na kupanga la kufanya kijana wetu anaposhikwa ama anapotekwa na uvutaji.
Muda: Saa moja na nusu. Msomaji mmoja asome polepole, wengine wasikilize.



Tuanze na kisa. Kikundi kimoja cha akina mama hapa Eastlands, upande wa Kayole, hukutana kila Jumapili alasiri. Wana pesa ya kuzunguka, na wana mfuko wa mikopo. Siku moja mama mmoja alifika amechelewa, na alipoingia hakuketi. Alisema, "Wenzangu, naomba mnikopeshe elfu kumi. Kijana yangu ameshikwa."

Kijana huyo wa miaka 22 alipatikana na misokoto miwili mfukoni. Alipofikishwa kortini alikubali kosa haraka haraka, akidhani ataambiwa aende nyumbani. Akapewa faini ya shilingi 10,000 ama miezi mitatu ndani.

Sasa, katiba ya kikundi inasema mkopo ni wa karo, ugonjwa, biashara na matanga. Bangi haimo. Mweka hazina akasema, "Tukilipa hii, kesho tutakuwa tunawanunulia vijana bangi." Mwingine akajibu, "Akikaa ndani miezi mitatu, atatoka amejua mambo makubwa kuliko bangi." Wa tatu, ambaye dada yake ana kansa, akauliza, "Mbona huko ng'ambo inapeanwa hospitalini? Si waihalalishe tu tumalize maneno?"

Nilikuwa hapo kama mgeni. Wote watatu walisema neno moja, bangi, lakini kila mmoja alikuwa anazungumzia jambo lake. Ndiyo sababu mjadala huu haumaliziki, nyumbani kwetu na hata Bungeni.

HATUA YA KWANZA: TUONE

Sheria ya Kenya ya dawa za kulevya ni ya mwaka 1994. Ilisema mtu akishikwa na bangi ya kuvuta mwenyewe anaweza kufungwa hadi miaka 10. Kama si ya kuvuta mwenyewe, hadi miaka 20. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa. Kwa mwenye bangi ya matumizi yake mwenyewe, adhabu ilipunguzwa ikawa kifungo kisichozidi miaka 5 ama faini isiyozidi shilingi 100,000. Adhabu ya walanguzi nayo iliongezwa ukali. Kwa hivyo yule anayewaambia vijana ati bangi siku hizi imeruhusiwa, anawapotosha.

Mjadala wenyewe si mgeni. Mwaka 2018 marehemu Ken Okoth, aliyekuwa Mbunge wa Kibra, alimwandikia Spika akitaka kuandaliwe mswada wa kuhalalisha na kusimamia bangi. Aliaga dunia kwa kansa Julai 2019, na mswada haukuwa sheria. Mwaka 2021 Warastafari walikwenda Mahakama Kuu wakidai ruhusa ya kuitumia katika ibada yao. Mwaka 2022 Profesa George Wajackoyah aliwania urais akiahidi kwamba bangi itauzwa nje ilipe madeni ya nchi. Watu walijaa kumsikiliza, lakini kura alizopata ni 61,969, hazikufika hata moja kwa kila mia.

Na wavutaji ni wangapi? Uchunguzi wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya Wakenya 53 wa umri wa miaka 15 hadi 65, mmoja anatumia bangi. Ni watu zaidi ya laki tano. Tukumbuke kwamba hawa wote walipatikana wakati sheria kali iko.

HATUA YA PILI: TUPIME

Hapa tugawanye neno hili bangi mafungu matatu. Tusiyachanganye.

1. Bangi kama dawa. Ni kweli kuna dawa zilizotengenezwa kutokana na mmea huu. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya kanabidioli kwa watoto wenye aina fulani kali za kifafa. Dawa hiyo hailevyi. Kuna nyingine za kupunguza kichefuchefu kwa mgonjwa anayetibiwa kansa kwa kemikali. Lakini kupunguza kichefuchefu si kuponya kansa. Anayemuuzia mgonjwa mafuta ya bangi kwenye chupa isiyo na maandishi, akimwambia aache kliniki, anamuua.

Tunao mfano hapa kwetu. Mofini inatokana na afyuni, na heroini inatokana na mofini. Hata hivyo wagonjwa wa kansa wanapewa mofini ya maji, kwa kipimo, na watu kama wa Nairobi Hospice, iliyoanzishwa 1990. Hakuna anayesema kwa sababu hiyo heroini iuzwe dukani. Mlango wa dawa unaweza kufunguliwa bila kufungua milango mingine. Mwaka 2020 nchi wanachama wa tume ya dawa za kulevya ya Umoja wa Mataifa zilipiga kura 27 kwa 25 kuitoa bangi katika orodha ya dawa hatari zaidi, ili utafiti wa tiba uwe rahisi. Haikuachiliwa huru, ilibaki chini ya udhibiti.

2. Bangi ya kuvuta mtu binafsi. Wanaotaka iruhusiwe wana hoja, tuwasikilize. Wanasema jela zinajaa vijana maskini wa Dandora na Mathare, huku mtoto wa tajiri akivuta ndani ya geti bila kuguswa. Wanasema msokoto mmoja unaweza kuwa sababu ya kijana kuombwa kitu kidogo. Hayo tunayaona kwa macho. Huko Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima anaweza kuitumia na kuikuza faraghani. Kuuza hakukuruhusiwa.

Wanaopinga pia wana hoja. Takriban mmoja kati ya kumi wanaoijaribu hushikwa na uraibu, yaani anataka kuacha na anashindwa. Anayeanza akiwa na miaka 14 ama 15 yuko hatarini zaidi, kwa kuwa ubongo bado unakua. Uvutaji mwingi wa bangi kali huongeza hatari ya ugonjwa wa akili, hasa kama ugonjwa huo uko katika ukoo. Papa Fransisko naye, mwaka 2014, alipinga wazi kuhalalisha dawa za kujifurahisha.

3. Bangi kama biashara. Tunaambiwa itatutoa katika umaskini. Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya dawa mwaka 2017, ikiwa ya kwanza Afrika. Leseni ilikuwa ghali, na pia ilihitajika nyumba za kukuzia mimea, walinzi na maabara. Kampuni zenye mtaji ziliingia. Mkulima mdogo wa mlimani, aliyeikuza miaka mingi, alibaki nje. Kwa hivyo kabla ya kushangilia tuulize: leseni atapewa nani?

Maoni yangu ni haya. Fungu la dawa tulikubali, likiwa mikononi mwa daktari. Fungu la biashara tulitilie shaka. Fungu la kuvuta nisingependa lifunguliwe, lakini sioni faida ya kumfunga kijana kwa msokoto. Jela haitibu uraibu, na moshi hautibu ukosefu wa kazi. Nyinyi mnaweza kuona tofauti. Jadilianeni.

HATUA YA TATU: TUTENDE

Bunge likiamua lolote, kijana atabaki wetu. Tufanye haya:

- Tujue haki. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inasema aliyeshikwa aambiwe sababu mara moja, na afikishwe kortini ndani ya saa 24. Asikubali kosa asiloelewa ili amalize mambo.
- Tuulize kuhusu adhabu mbadala. Tangu sheria ya mwaka 1998, korti inaweza kumpa mtu kazi ya jamii badala ya kifungo. Mzazi azungumze na afisa wa probesheni mapema.
- Tutafute msaada. Simu ya NACADA ni 1192, haitozwi. Hospitali ya Mathari hutibu uraibu. Akianza kusikia sauti ama kuogopa watu bila sababu, apelekwe hospitali, asifungwe kamba.
- Tusimfukuze nyumbani. Akifukuzwa, atakayemkaribisha ni yule anayemuuzia.

Na kile kikundi? Walibishana mpaka giza likaingia. Mwishowe waliukopesha mkopo kwa jina la mama, wadhamini wawili, kwa sharti kwamba kijana alipe kwa jasho lake na aende kwa mshauri. Mweka hazina alipiga kura ya hapana, kisha yeye ndiye aliyeandamana na mama kwenda kulipa. Kijana amerudisha elfu sita, kwa kubeba mizigo sokoni. Kuvuta amepunguza, hajaacha. Kikundi bado kinamngoja.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ungekuwa katika kikundi kile, ungepiga kura gani? Kwa nini?
2. Kati ya yale mafungu matatu, ni lipi linaweza kutufaa, na kwa masharti gani?
3. Katika mtaa ama kijiji chetu, vijana huanza kuvuta wakiwa na umri gani, na saa hiyo watu wazima tuko wapi?
4. Je, katiba yetu inasema nini mtoto wa mwanachama akishikwa? Kama haisemi, ni nani ataandika pendekezo kabla ya mkutano ujao?