Kitabu Kipo, Lakini Juzuu ya Tisa Iko Wapi?



Ndugu zangu katika imani, somo letu safari hii ni daftari la maktaba. Katika misikiti mingi ya vyuo hapa Uganda pana kabati la vitabu vya dini. Vimechapwa Cairo, Beirut au Riyadh, na vingi ni wakfu. Pembeni pana daftari, au siku hizi jedwali kwenye kompyuta, lenye mstari kama huu: "Fat-h al-Bari, Ibn Hajar al-Asqalani". Sasa chukua mwanafunzi anayeandika utafiti juu ya ndoa. Anausoma mstari huo, anapanda bodaboda kutoka bweni la mbali, anafungua kabati na kukuta juzuu ya 1 hadi ya 8. Katika chapa ya Salafiyya ya Cairo, Kitabu cha Nikah kimo juzuu ya 9. Daftari halikumdanganya, ila halikumjibu alichouliza.

Kila kumbukumbu ya kitabu hubeba maswali mawili, na sisi huyachanganya. La kwanza: kitabu hiki ni kipi? Hapo tunaandika jina, mtunzi, mhakiki, mchapaji, mwaka, na idadi ya juzuu za chapa nzima. La pili: sisi tuna kiasi gani cha kitabu hicho, kiko wapi, na nakala ngapi? Jibu la kwanza ni lilelile Mbale, Nairobi au Unguja. La pili ni la kabati letu peke yake, wala hakuna mtu wa nje awezaye kutuandikia. Chapa ya Salafiyya ina juzuu 13 na muqaddima, Hady al-Sari, iliyojalidiwa peke yake. Ukiandika "juzuu 13" na kuishia hapo, umeeleza kilichochapwa Cairo, hujaeleza kilichopo msikitini.

Maktaba kubwa zimeyatenga maswali haya. Katika mfumo wa MARC 21, unaotumika duniani kote, mahali kitabu kilipo huandikwa katika sehemu ya 852, juzuu zilizopo katika 866, nyongeza katika 867 na faharasa katika 868. Wanaotumia Koha, programu ya bure iliyoanzia New Zealand, huandika kila nakala katika sehemu ya 952. Huhitaji kukariri namba hizi. Chukua kanuni yake tu: kistari ni mfululizo, mkato ni pengo. Ukiandika "Juz. 1-6, 8, 10-13", anayejua kanuni anaelewa papo hapo kwamba ya 7 na ya 9 hazipo. Muqaddima na faharasa zipewe mistari yao, kwa sababu ndizo hupotea kwanza bila mtu kugundua.

Chapa ndiyo inayoleta tabu zaidi. Tafsiri ya Ibn Kathir imetoka katika juzuu 4, na imetoka pia katika juzuu 8, kama ile ya Dar Tayba. Daftari likisema "Ibn Kathir, juz. 1-4" bila kutaja chapa, huenda tuna tafsiri nzima, au tuna karibu nusu ya Qur'ani tu. Mfadhili akija na nia njema ya kuziba pengo, atanunua nini? Ndiyo maana kuna makabati yenye juzuu tatu za chapa moja na mbili za nyingine, zikisimama pamoja kama ndugu, na kati yake sura zimerudiwa na nyingine hazimo kabisa. Seti ya namna hiyo iandikwe mara mbili, kila chapa na mstari wake, hata kama inauma kukiri kwamba tuna vipande viwili na si kitabu kimoja.

Tena tuangalie neno lenyewe. Katika vitabu vya Kiarabu juz' si lazima iwe mujallad: juz' mbili huweza kujalidiwa pamoja. Ukihesabu migongo ya vitabu utapata 4, ukisoma kurasa za mwanzo utapata 8. Andika zote mbili: "juz. 1-8 katika majalada 4".

Haya hayakuanza na kompyuta. Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad aliyetunga al-Fihrist mwaka 377 H (987 M), alipotaja mashairi ya washairi alitaja na idadi ya karatasi, akaeleza kwamba karatasi anayoikusudia ina mistari 20 kila upande. Alijua kwamba jina bila kiasi halimtoshi mtafuta kitabu. Na orodha ya maktaba ya Ashrafiyya ya Damascus, ya karne ya 7 Hijria, yenye vitabu zaidi ya 2,000, ilivipanga kwa herufi, ukubwa na fani.

Kwetu sisi lipo jambo zito zaidi ya urahisi wa kutafuta. Kitabu cha wakfu si mali ya chama wala ya kiongozi wa mwaka huu. Taj al-Din al-Subki (aliyefariki 771 H), akieleza wajibu wa mtunza vitabu, alitaja kuvihifadhi, kuvikarabati, na kumtanguliza mwanafunzi asiye na uwezo wa kununua. Akataja pia sharti la baadhi ya waweka wakfu kwamba kitabu kisitoke ila kwa rehani. Kama sharti halikuandikwa kwenye kumbukumbu ya nakala ile, nani atalitekeleza? Viongozi wetu huhitimu na kuondoka, na walichokijua kichwani huondoka nao.

Kwa hiyo wawili wakae siku moja mbele ya kabati, mmoja ashike kitabu, mwingine kalamu. Msinakili daftari la zamani. Juzuu iliyoazimwa bado ni yetu: ibaki kwenye mstari, na jina la aliyeichukua liende kwenye daftari la kuazima. Iliyopotea iondolewe kwenye mstari, na pembeni iandikwe "haikuonekana", pamoja na tarehe. Tarehe hiyo msiisahau, kwani atakayekuja baada yenu ataanzia hapo kuuliza.

Wabillahi tawfiq.