Mgonjwa wa Kisukari na Aibu ya Kufungua



Ndugu zangu katika imani, Ramadhani iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, nilimkuta mwenzangu wa chumba anatetemeka, jasho linamtiririka na maneno yake hayaeleweki. Miezi michache kabla alikuwa amegunduliwa kuwa na kisukari. Siku ile alijidunga insulini wakati wa daku kama kawaida, kisha akafunga, na sukari ikashuka mno. Tulimnywesha juisi akarudi katika hali yake. Tulipomuuliza kwa nini hakufungua mapema, alisema: "Niliona aibu. Mngesema nini mkiniona nakula mchana?"

Amenipa idhini niieleze habari hii bila jina lake. Wiki za kwanza alitumaini kuwa hospitali imekosea kipimo. Kisha akajiuliza ni dhambi gani aliyoitenda. Mwishowe akaanza kuficha sindano sandukuni. Wagonjwa wengi hupita njia hiyo: kukataa, hofu, kujilaumu, kujificha. Je, dini yetu inawaambia nini?

Kwanza, ugonjwa si alama ya kuchukiwa na Allah. Nabii Ayub (A.S.) aliugua, na Mtume wetu (S.A.W.) alipatwa na homa kali kuliko watu wengine. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa Muislamu hapatwi na maradhi, hata kuchomwa na mwiba, ila Allah humfutia makosa kwayo.

Pili, tiba haipingani na tawakkul. Mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu (Abu Dawud na Tirmidhi). Mwenye kisukari cha aina ya kwanza mwili wake hautengenezi insulini ya kutosha. Akiiacha kwa kudai anamtegemea Allah, anahatarisha uhai aliopewa amana.

Tatu, ruhusa ya kutofunga imo ndani ya Qur'ani, Suratul Baqara aya ya 184 na 185. Anayetarajia kuweza baadaye atalipa. Ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kumruhusu kufunga, kwa kauli ya wanazuoni wengi, atamlisha maskini kwa kila siku. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Jeddah mwaka 1997, iliamua pia kuwa sindano isiyo ya lishe haibatilishi saumu. Mwenye kisukari anayefunga asiogope kujipima. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, au ikipanda zaidi ya 16.6, madaktari wanashauri afungue papo hapo.

Sisi wazima nasi tuna somo letu. Jabir (R.A.) amesimulia, katika Abu Dawud, kuhusu mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Wenzake walimwambia hana ruhusa ya kutayamamu. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) aliwalaumu vikali, akabainisha kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza. Wale hawakukusudia ubaya. Sisi nasi hatukukusudia, lakini mizaha yetu hosteli kuhusu wanaokula mchana ilimfikia mwenzetu kama fatwa.

Mafunzo tunayoyapata:
1. Mgonjwa amwone daktari na sheikh kabla ya Ramadhani, si katikati yake.
2. Tusimuulize mtu mbele za watu kwa nini hafungi.
3. Tujue dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho, kuchanganyikiwa. Apewe kitu kitamu upesi. Akizimia, tusimtie chochote mdomoni, akimbizwe hospitali.

Mwaka huu mwenzangu hatafunga, kwa ushauri wa daktari wake na wa imamu wetu. Chakula chake cha mchana atakula chumbani, nasi tukiwepo, na jioni tutakaa naye kwenye futari kama kawaida.

Allah awape shifa wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.