Kufundisha Wakati wa Cheche kwa Kutumia Injini ya Pikipiki ya Zamani

Mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za Mgeta, Matombo au Kinole atakuta watoto wanaoitambua pikipiki kwa mlio kabla haijatokeza kwenye kona. Baadhi yao watamwambia kwamba pikipiki fulani "taimingi imeharibika", kwani wamewasikia mafundi wakisema hivyo. Akiwauliza taimingi ni nini, watanyamaza. Hapo ndipo penye kazi ya mwalimu, na hapo ndipo wanachuo wengi wanapoliharibu somo: huandika ubaoni pistoni, plagi, koili, pointi na kondensa, watoto wakanakili, kengele ikalia.

Wazo gumu katika somo hili ni moja tu. Cheche ya plagi hairuki pistoni ifikapo juu kabisa, bali huruka kabla. Mtoto hulikataa jambo hili, na ana haki ya kulikataa. Ikiwa moto ndio unaoisukuma pistoni chini, kwa nini uwashwe ingali inapanda? Tatizo limo katika neno "mlipuko", ambalo hata walimu hulitumia. Mchanganyiko wa petroli na hewa hauwaki wote mara moja. Moto huanzia kwenye plagi na kusambaa. Washa ncha moja ya ukanda wa karatasi, watoto wauone moto ukisafiri. Kisha uliza: ukimpa mpira mwenzako anayekimbia, huupiga pale alipo au mbele yake? Jibu watalitoa kwa kelele.

Ndipo ije hesabu. Tuseme moto huchukua sehemu 1 ya 500 ya sekunde kusambaa. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ni mara 50 kwa sekunde, yaani nyuzi 18,000 kwa sekunde. Katika muda ule mfupi ekseli ya injini hupita nyuzi 36. Ikizunguka mara 1,500, hupita nyuzi 18 tu. Kwa hiyo kasi ikiongezeka, cheche haina budi kuwahi zaidi. Katika injini nyingi za mipigo minne za zamani kazi hii hufanywa na vizito viwili vidogo vyenye springi, ambavyo hutanuka kasi inapopanda, kama jiwe lililofungwa kwenye kamba na kuzungushwa.

Bodaboda nyingi za siku hizi zina mfumo wa elektroniki, hazina pointi za kurekebisha. Ndiyo maana napendelea pikipiki ya zamani, mfano Honda CG 125 za mwanzo, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1976: jambo lenyewe huonekana kwa macho. Muombe fundi injini mbovu iliyokwisha kuondolewa tangi. Petroli isiwepo kabisa darasani. Cheche na mvuke wake havikai pamoja na watoto arobaini. Toa plagi ili injini izunguke kwa urahisi, tenga waya wa koili, kisha unganisha betri na balbu ya tochi kupitia pointi. Zikifungana, balbu huwaka. Zikiachana, huzimika, na hapo ndipo cheche ingeruka. Zungusha polepole wewe mwenyewe. Alama ya T huonyesha pistoni iko juu kabisa, na F huonyesha mahali pa cheche. Watoto wataona balbu ikizimika kwenye F, kabla ya T.

Nafasi ya pointi katika Honda nyingi za namna hiyo ni milimita 0.3 hadi 0.4. Ipanue, balbu itazimika mapema, ipunguze, itachelewa. Waeleze pia madhara. Cheche ikiwahi mno, kiki hurudi kwa nguvu na huweza kumvunja mtu kifundo cha mguu. Injini hugonga, na pistoni huweza kutoboka. Ikichelewa, moto hutokea bado unawaka kwenye bomba la moshi, nguvu hupungua na injini hupata joto kali, jambo linalojulikana sana kwa wanaopanda mlima na mzigo wa mboga.

Kwa kupima, usiulize majina ya vyombo. Uliza hivi: kisigino cha pointi, kile kinachosuguliwa na kamu, kimelika, na pikipiki imeanza kuchemka ikipanda Mgeta, kwa nini? Mtoto atakayejibu kwamba nafasi imepungua na cheche inachelewa, mpe alama zote, hata kama amesahau kondensa inaitwaje.