Kubana Matumizi Bila Kuumia: Kijitabu cha Afya kwa Kaya

KIJITABU HIKI NI CHA NANI

Ni cha kaya inayonunua kwa kupima: unga nusu kilo, mafuta ya kula ya mia tano, mkaa wa kopo, sabuni kipande. Hatutakuambia utafute hela zaidi. Hilo unalifanya tangu alfajiri. Tutasema jinsi ya kuzitumia zilizopo bila kuleta ugonjwa wala msiba ndani. Mambo mengine tumeyagusa kwa mstari mmoja. Jambo moja tumelirudia hadi utachoka kulisoma. Sisi tumechoka zaidi kulipokea zahanati.

CHUPA

Mafuta ya taa hayawekwi kwenye chupa ya maji, ya soda wala ya juisi.

Tunajua yanavyofika humo. Hela ni ya kipimo kimoja, mwenye duka anauliza, "Umekuja na chupa?", na chupa tupu zimejaa kila kona, hazina bei. Inajazwa, inafungwa, inasukumwa uvunguni karibu na ndoo ya maji. Kesho yake mchana mtoto wa mwaka na nusu anatoka kucheza juani, ana kiu. Anaona chupa ileile aliyonyweshwa maji jana. Anainua, anakunywa.

Mtoto huyo si mtundu na mama yake si mzembe. Kilichokosewa ni chombo. Ndiyo maana hatuhubiri malezi hapa, tunasema toa chupa.

Wapo wanaotuambia, "Lakini niliandika SUMU kwa kalamu." Mtoto anayetambaa hajafika darasa la kwanza. Wapo wanaosema iko juu ya kabati. Mtoto wa miaka mitatu anasogeza kigoda, anapanda. Wakubwa nao hukosea: umeme umekatika, mtu ametoka kazini na kiu, anapapasa mezani gizani. Tena mafuta ya kula yanapimwa kwenye chupa zilezile, na mpishi mwenye haraka anaweza kumimina yasiyo yenyewe juu ya moto.

Nunua kidumu kidogo cha rangi, chenye kifuniko cha kukaza, kisichofanana na chombo chochote cha kunywea. Unanunua mara moja, kinakaa miaka. Kitundike juu kuliko anapofika mtoto aliyepanda kigoda, mbali na moto, mbali na chakula. Uvunguni si mahali pa kuficha, kwani huko ndiko mtoto anakoanza kutambaa. Na kidumu kilichobeba mafuta ya taa hakirudi kwenye maji hata ukikisugua kwa majivu mara kumi.

Hela ya kidumu haijapatikana wiki hii? Basi mafuta yasibaki. Zima koroboi, iache ipoe, nenda nayo dukani wajaze humohumo kiasi cha usiku mmoja. Jiko la utambi nalo ni jepesi, linabebeka. Usijaze chochote kikiwa kinawaka.

Usimtume mtoto kununua mafuta ya taa.

Nawe mwenye duka: akija mteja na chupa ya kinywaji, usimpimie. Weka vidumu vichache vya kuuza. Utapata faida yako, na mtaa utapata nafuu.

VINGINE VINAVYOJIFICHA KWENYE CHUPA HIZO HIZO

Sabuni ya maji inayotengenezwa mtaani, yenye rangi ya kijani au ya machungwa, haina tofauti na juisi machoni pa mtoto. Jiki ya kupima. Dawa ya kuulia wadudu wa shambani iliyogawanywa na jirani. Spiriti. Petroli ya bodaboda. Maji ya betri. Yote haya watu huyaweka kwenye chupa za kunywea, na yote yanaumiza. Ukitengeneza sabuni kwa ajili ya kuuza, tunakupongeza kwa kujitafutia, lakini chunga kostiki kuliko unavyochunga hela. Kostiki inaunguza mdomo na koo. Mtoto akiimeza kidogo tu, njia ya chakula inaweza kuziba baadaye akawa hapitishi hata uji. Ikae kwenye chombo kilichofungwa na kufuli. Kopo la dawa ya shambani lisigeuzwe la kuchotea maji. Jiki isichanganywe na dawa nyingine ya kusafishia choo. Mvuke wake unakaba pumzi.

AKISHAKUNYWA MAFUTA YA TAA

Usimtapishe.

Tunarudia kwa sababu hapa ndipo wengi wanapozidisha madhara kwa nia njema: usimtapishe. Usimtie kidole kooni. Usimnyweshe maziwa, mafuta ya kula, yai bichi, maji ya chumvi wala mkaa uliosagwa. Usimning'inize kichwa chini. Mafuta yakipanda tena yanaingia kwenye njia ya hewa, na yakifika kifuani ndiyo yanayoua.

Mfute mdomo. Kama yamemmwagikia, mvue nguo, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni. Kisha nendeni kituo cha afya papo hapo, kwa bodaboda, kwa bajaji, kwa mgongo, hata kama anacheza na kucheka. Shida ya kupumua huweza kuanza saa kadhaa baadaye, usiku, usafiri ukiwa mgumu. Akikohoa, akipumua haraka, kifua kikibonyea, akisinzia kupita kawaida au akishikwa na degedege, hiyo ni dharura ya kukimbiza.

Beba chupa yenyewe ukaioneshe. Useme kweli: alikunywa nini, lini, kiasi gani unavyokisia. Nesi si polisi. Wazazi wanaoficha kwa aibu wanatupotezea muda wa mtoto wao.

Kwa kostiki, jiki na maji ya betri ni vilevile: usimtapishe, mkimbize.

Piga hesabu sasa, kwa kuwa tunazungumza matumizi. Chupa ni bure, kidumu ni hela. Lakini nauli ya kukimbia hospitali usiku, siku ambazo mama hafungui genge lake, chakula cha anayeuguza wodini na mkopo wa kausha damu unaochukuliwa kwa haraka, hayo yote yanaifanya ile chupa ya bure kuwa kitu cha ghali kuliko vyote ndani ya nyumba.

JIKO LA MKAA

Usilale nalo chumbani, hata mlango ukiwa wazi kidogo.

Moshi wa mkaa uliokolea hauonekani wala haunuki, na watu hulala wasiamke. Msimu wa baridi Mbeya, Njombe na Lushoto watu huingiza jiko ndani ili kupata joto. Kama ni lazima, ota nje kisha ingia ujifunike. Usiwashe mkaa kwa kumwagia mafuta ya taa wala kwa plastiki. Tumia vijiti na karatasi.

CHAKULA

Hapa pana nafasi ya kubana na mtu akabaki na afya, wakati mwingine akaipata zaidi. Dona inashibisha na kulisha kuliko sembe iliyokobolewa, na aghalabu ni nafuu. Dagaa, maharage, kunde na choroko vinajenga mwili wa mtoto sawasawa na nyama inayonunuliwa mara moja kwa mwezi. Mchicha, tembele na majani ya maboga yanaota kwenye gunia la udongo nyuma ya nyumba ya kupanga, kama mwenye nyumba hana neno. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa hasa. Kibichi kina sumu.

Loweka maharage tangu usiku, mwaga maji yake, funika sufuria. Mkaa utakaookoa utauona mwenyewe. Usitie panado kwenye maharage wala nyama ili vilainike upesi. Tunajua inafanywa. Dawa si kiungo, na anayekula hajui ameshameza kiasi gani.

Kitu usichopaswa kukinunua kwa sababu ya bei ni mahindi au karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi. Zina sumukuvu. Kupika hakuiondoi, kuosha hakuiondoi, kusaga kunaificha tu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Karanga za chenga za bei ya kutupa na pumba zisizojulikana zilikotoka usizisagie unga wa uji wa mtoto. Mahindi yako mwenyewe yakaushe juu ya turubai, si juu ya udongo, na uyaweke juu ya kichanja.

Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji uji, maji wala maziwa ya kopo. Anahitaji ziwa la mama, na mama anahitaji kula. Kama sahani ya nyama ni moja, mjamzito na anayenyonyesha wasiwe wa mwisho kuhudumiwa. Tunajua tunagusa desturi za mezani.

Chumvi iwe yenye madini joto.

MAJI

Chemsha hadi yatokote, au tumia vidonge vya kutibu maji kwa kufuata maelekezo ya pakiti. Mkaa ukikosekana, jua nalo linatibu: jaza maji maangavu kwenye chupa safi za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita mbili, zilaze juu ya bati saa sita za jua kali. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Maji ya tope hayafai kwa njia hii.

Sasa unaona kwa nini tunaipigia kelele ile habari. Kaya inayoanika maji kwenye chupa ina chupa nyingi za kunywea, na kila mtoto amefundishwa kuzichukua mwenyewe. Nyumba hiyo haiwezi kuwa na hata chupa moja yenye mafuta ya taa.

MIKONO

Kibuyu chirizi mlangoni mwa choo, na kipande cha sabuni kwenye kamba. Kinatumia maji kidogo kuliko kata na beseni.

KUHARISHA

ORS na zinki vipo zahanati. Zinki inamezwa siku zote ulizoandikiwa, hata kuhara kukikoma siku ya pili. ORS ikikosekana nyumbani, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo sita vya sukari vya kusawazisha na nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga, mnyweshe kidogo kidogo huku mkielekea kituoni. Usizidishe chumvi. Usimnyime chakula wala ziwa. Macho yakidumbukia, akishindwa kunywa, au kinyesi kikiwa na damu, usimalizie kopo la pili nyumbani.

DAWA

"Nipe mbili tu za kuanzia." Sentensi hii tunaisikia kila siku kwenye maduka ya dawa, na ndiyo njia ya kulipia ugonjwa mmoja mara tatu. Nusu dozi hukupa nafuu ya siku mbili, kisha ugonjwa unarudi ukiwa sugu. Kama hela haitoshi dozi nzima, mwambie mtoa dawa waziwazi, au nenda kituo cha serikali. Dawa ya mseto ya malaria ni siku tatu, hata homa ikishuka siku ya kwanza. Usimgawie jirani zilizobaki, hazikupaswa kubaki. Na homa isitibiwe kwa kubahatisha: kipimo cha malaria ni tone la damu na dakika chache.

Kwa sera ya serikali, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano hawalipii matibabu kwenye vituo vya umma. Chanjo ni bure. Chandarua hutolewa kliniki kwa mjamzito, na si cha kufugia kuku wala kuzungushia mchicha.

Kuhusu bima, muulize mtendaji wa mtaa au kijiji utaratibu uliopo sasa na kiwango chake, na uulize kabla ya kuugua. Kikundi chenu cha kuweka na kukopa kinaweza kuwachangia wanachama kwa zamu, kama kinavyochangia misiba.

UZAZI

Jifungulieni kituoni. Nauli iwekwe pembeni tangu mimba ina miezi sita.

VITU AMBAVYO TUNGEKATA SISI

Soda ya kila siku. Dawa za kuongeza damu na nguvu zinazouzwa kwenye mabasi. Pombe, ambayo katika kaya nyingi tunazozitembelea inakula fungu kubwa kuliko mboga, na hili tunawaambia akina baba bila kuzunguka. Sigara. Krimu za kujichubua.

VITU AMBAVYO HATUNGEKATA

Sabuni, chandarua, kidumu.

CHUPA TENA

Mafuta ya taa hayawekwi kwenye chupa ya kinywaji. Hata ya leo tu. Hata ukiwa huna mtoto, kwa sababu wa jirani huingia. Hata kama bibi yako aliweka hivyo miaka yote na hakuna aliyekufa. Ukihama chumba, kagua uvungu kabla hujaingiza godoro. Mpangaji aliyetoka huenda aliacha yake. Ukienda msibani au harusini nyumba za watu, wapikaji wakiwa na chupa ya mafuta ya kuwashia moto huku watoto wamejaa uani, omba iondolewe, wala usione haya.

Ukiwa na taa ya sola au umeme, na gesi ya kupikia mnaimudu, achana na mafuta ya taa kabisa. Yaliyobaki usiyatunze kwa ajili ya dharura.

UKIMALIZA KUSOMA

Kijitabu hiki hakiuzwi. Msomee asiyejua kusoma, kisha mpe jirani mwenye mtoto anayetambaa. Kabla hujampa, kagua uvunguni, chini ya meza na nyuma ya mlango, na kila chupa ya kinywaji yenye mafuta ya taa ihamishie kidumuni leo hii.