Hedhi Inayoruka Miezi

Somo la leo ni la akina mama, lakini akina baba nao walisome mpaka mwisho.

Mwanamke ana kokwa mbili za mayai, yaani ovari. Kwa kawaida yai moja hupevuka kila mwezi. Mimba isipotungwa, hedhi hufuata. Kila mwanamke ana homoni za kiume kidogo. Kwa wengine homoni hizo huzidi. Hapo mayai huanza kukua lakini hayapevuki, yakabaki kwenye ovari ndani ya vifuko vidogo vidogo vya maji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya wanawake 100 wenye umri wa kuzaa, 10 hadi 13 wana ugonjwa huu. Wengi wao hawajui.

Dalili zake ni hizi:

1. Hedhi kuchelewa zaidi ya siku 35, au kuja chini ya mara 8 kwa mwaka.
2. Kuota ndevu au nywele kifuani, na chunusi nyingi.
3. Kunenepa, hasa tumboni.
4. Kuchelewa kupata mimba.

Mwenye dalili hizi huambiwa ana chango au amerogwa. Hunyweshwa mizizi, na wengine hurudishwa kwao wakiitwa tasa. Hii si haki. Ugonjwa huu si uchawi wala laana, na hauambukizi. Wengi wakitibiwa huzaa. Tena mume naye apimwe, maana mtoto ni wa wawili.

Mama, fanya hivi. Tia alama kwenye kalenda kila siku hedhi inapoanza. Ikikosekana miezi mitatu, nenda zahanati. Utapimwa mimba kwanza, kisha utaelekezwa hospitali kupimwa damu na ovari. Kama u mnene, punguza uzito: mwenye kilo 80 akipunguza kilo 4 hadi 8 tu, hedhi yaweza kurudi. Zipo dawa za kupevusha yai. Asiyetaka mimba kwa sasa huweza kupewa vidonge vya uzazi wa majira ili hedhi ifuate mpango.

Usiseme, "Nina watoto, hedhi ya nini?" Ugonjwa huu ukiachwa huweza kuleta kisukari, na hata saratani ya mfuko wa uzazi.

Maswali ya kujadiliana:

1. Hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe ngapi?
2. Kijijini kwenu, mimba isipopatikana, nani hulaumiwa? Kwa nini?