Njia za Mkato za Kibodi: Kuokoa Muda na Kuilinda Kazi

Katika mji wa Tunduma, ambako malori ya kwenda na kutoka Zambia hupita mpakani mchana na usiku, karatasi ni sehemu ya maisha ya kila siku. Wakala wa forodha huandaa orodha ya mizigo. Kikundi cha wanawake huandika katiba na muhtasari wa kikao ili kiombe mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Kijana aliyehitimu masomo huandika barua ya kuomba kazi. Nyaraka hizo huchapwa kwenye kompyuta, ama ofisini, ama katika duka la steshenari. Aketiye mbele ya kompyuta huweza kuimaliza kazi mapema au kuipoteza yote, na tofauti mara nyingi huwa ni vitufe viwili tu.

Maana ya njia ya mkato

Njia ya mkato ya kibodi ni kubonyeza vitufe viwili au zaidi kwa pamoja ili kompyuta itekeleze amri ambayo vinginevyo ingetafutwa kwa kipanya ndani ya menyu. Kitufe kinachotumika zaidi ni Ctrl, kilichopo chini kabisa upande wa kushoto. Ctrl hushikiliwa kwanza, herufi hubonyezwa mara moja, kisha vyote huachiwa.

Utaratibu wa kukata, kunakili na kubandika maandishi ulibuniwa nchini Marekani katika miaka ya 1970 na Larry Tesler na Tim Mott, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox. Herufi zinazotumika leo kwa kazi hiyo, yaani X, C na V, zimepangana katika mstari mmoja karibu na Ctrl, hivyo mkono wa kushoto huzifikia bila kuhama.

Zipo faida mbili. Ya kwanza ni muda: mkono hauachi kibodi kila mara kukifuata kipanya. Ya pili ni lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hata hivyo, kompyuta nyingi bado zina menyu za Kiingereza. Anayezifahamu njia za mkato hufanya kazi yake bila kukwamishwa na menyu hizo.

Njia za kuanza nazo

1. *Ctrl + S: kuhifadhi.* Hii hutangulia nyingine zote. Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani isiyo na kifaa cha akiba ya umeme huzimika papo hapo, na maneno yasiyohifadhiwa huweza kupotea. Mara ya kwanza kompyuta huuliza jina la faili na mahali pa kuliweka. Baada ya hapo huhifadhi bila kuuliza. Mwandishi mwangalifu huhifadhi kila amalizapo aya.

2. *Ctrl + Z: kutendua.* Maandishi yakifutika kwa bahati mbaya, njia hii huyarejesha hatua kwa hatua. Lakini ni lazima itumike kabla faili halijafungwa, kwa kuwa likishafungwa kumbukumbu ya hatua hizo hutoweka.

3. *Ctrl + C, Ctrl + X na Ctrl + V: kunakili, kukata na kubandika.* Maandishi huchaguliwa kwanza, kisha amri hutolewa. Jina na anwani ya kikundi huandikwa mara moja tu na kubandikwa kila yanapohitajika, hivyo hayatofautiani kati ya ukurasa na ukurasa.

4. *Ctrl + H: kutafuta na kubadilisha.* Kikundi kikibadili jina, jina jipya huingizwa katika waraka wote kwa amri moja. Hapa tahadhari inahitajika. Anayeiamuru kompyuta ibadilishe kila "kata" kuwa "mtaa" atakuta "mkataba" umekuwa "mmtaaba", kwa sababu kompyuta hutazama herufi, si maana. Ni busara kubadilisha neno moja moja huku likisomwa.

5. *Alt na alama ya =: kujumlisha.* Katika Excel, mhasibu wa kikundi husimama kwenye kisanduku tupu chini ya safu ya michango, hubonyeza vitufe hivyo, kisha Enter. Jumla huonekana, na hujisahihisha yenyewe mchango unapobadilishwa.

6. *Kitufe chenye alama ya dirisha na L: kufunga skrini.* Mtumishi anayeinuka kitini hubonyeza vitufe hivi ili majina, namba za simu na namba za vitambulisho vya wananchi zisisomwe na apitaye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezitunza taarifa za watu azilinde.

Kwa mkazi anayechapiwa kazi

Asiyejua kuchapa naye ana sehemu yake katika somo hili. Akiwa steshenari, anaweza kumwomba mchapaji ahifadhi kazi tangu mwanzo, asome naye majina na tarakimu kabla ya kuchapisha kwa Ctrl + P, kisha amwekee nakala kwenye flashi. Nyaraka zenye taarifa zake binafsi aombe zifutwe kwenye kompyuta ya duka. Masahihisho ya baadaye hayatamlazimu kulipia uchapaji upya.

Namna ya kujifunza

Haba na haba hujaza kibaba. Njia moja kwa siku, ikitumiwa katika kazi halisi, hukaa mkononi kuliko orodha ndefu iliyokaririwa. Anayeanza aifanye Ctrl + S kuwa mazoea kabla ya kuongeza nyingine, kwani kasi ya kuchapa haina thamani ikiwa kazi yenyewe haitakuwepo asubuhi ya siku ya mwisho ya kuwasilisha maombi.